Mzigo Ufike

Nilikuwa karani wa kata, Tutuo, mwaka wa tumbaku nzuri,
kalamu mbili mfukoni, mhuri ndani ya kopo la kahawa.
Nyamizi binti Kapela akaingia na ndala zenye tope,
akasema: Andika. Punda wa Msuha ana donda.

Nikacheka. Mgambo naye akacheka hadi kofia ikamdondoka.
Humu, nikamwambia, mna mjane aliyenyang'anywa shamba,
mna vibarua wa msimu uliopita, hawajaona hata senti,
mafaili yao mchwa wanayala kwa zamu,
nawe unaniletea punda?
Wahenga walishafunga kesi:
punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Hakunijibu. Akafungua kiganja chote: donda ni pana hivi.
Kisha kidole, hadi kifundo cha kwanza: na kina chake hiki.
Tandiko ni gunia la mbolea. Kamba ya katani.
Kuni za bani, safari nne kabla jua halijakaza.
Inzi wameshaijua njia. Andika.

Nikaandika, ili aondoke.

Mjane hakuwa na karatasi ya kutufungulia ua wa mtu.
Bwana mifugo alikuwa nayo, ya wanyama,
siku zote aliikunjia karanga.
Ijumaa tukaenda nayo.

Punda alisimama kama anayengoja kuitwa kwa jina.
Nyamizi akamlegezea kamba polepole,
akimnong'oneza Kinyamwezi kile cha kubembelezea mgonjwa,
maji ya chumvi ndooni, kitambaa cha kanga kuukuu.
Ndipo nyuma ya bani, ndani ya moshi,
tukaona mzigo wa kuni unatembea,
na chini ya mzigo, miguu miwili.

Jina? Nzohabona.
Kwenu? Kasulu, ng'ambo ya Malagarasi.
Umri? Akahesabu misimu ya mvua, akakosea, akarudia: kumi na mmoja.
Mshahara?
Akamtazama punda,
kana kwamba punda ndiye mweka hazina.

Alipovua shati
niliuona mfuo uleule wa katani ileile,
na inzi walewale, ambao hawakuuliza
nani ana kwato, nani ana cheti cha kuzaliwa.

Msuha akasema: Punda nimemnunua. Mtoto namlea.
Akayasema yote mawili kwa sauti moja.

Kwetu husimuliwa kwamba babu wa babu yangu alikuwa mpagazi,
alibeba pembe za ndovu hadi pwani,
akarudi na nundu begani, watoto wakigombea kuishika.
Tulifundishwa kuionea fahari nundu ile.
Siku ile, mkono wangu ukiwa umejipeleka wenyewe begani,
nilijiuliza methali yangu ilitamkwa kwanza kambi gani,
nani akitazamwa.
Punda hakuitunga. Wala mpagazi.
Aliitunga mwenye mzigo.

Jioni, mtoto akisubiri gari la ustawi wa jamii,
aliuliza swali moja tu: Na Jumatatu nani atamtoa kupe?
Tukadhani anataja siku.
Kumbe ndilo jina la punda,
na pale uani hakuna mwingine aliyelijua.

Nikafungua daftari. Safu ya mlalamikaji: Nyamizi.
Safu ya aliyedhulumiwa ni nyembamba, imepigiwa rula kwa jina moja.
Nikaandika Jumatatu. Wino ukakatika.
Nikatoa kalamu ya pili.