Fomu ya Walengwa

Nimepanda Hatumera kwa pikipiki ya kukodi,
saa nne za mawe na kona, mvua ikinichapa ubavuni,
fomu zangu kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni,
kama mtu aliyebeba kifaranga.

Safu ya tatu inauliza: Idadi ya walengwa.

Tangi lipo. Saruji yake imeshika vizuri.
Bendera ya wafadhili ilipakwa ubavuni,
jua la Timor limeilamba hata imebaki
rangi moja na nusu ya nyingine.
Kibao cha mradi sikukiona njia panda.
Nilikikuta kwa Zeferino, kimegeuka mlango wa banda,
neno UFADHILI limeelekea ndani,
nguruwe ndiye anayelisoma.

Pampu ilikufa miezi minane baada ya sherehe.
Ngozi ya pistoni ilichanika, duara dogo,
dogo kuliko kisahani cha kahawa,
nayo hutoka nchi ambayo meli yake
huja inapojisikia.
Waliandika barua. Waliandika tena.
Jibu lilikuja na kalenda tatu
zenye picha ya pampu.

Ndipo Eufrázia, mjane, mchuma kahawa,
mdomo mwekundu kwa tambuu,
alipovua kandambili ya mguu wa kushoto,
akailaza juu ya jiwe,
akachora kwa kaa akifuata ukingo wa kopo,
akakata kwa panga.
Mara ya kwanza maji yalicheka humo ndani tu, hayakutoka.
Mara ya pili mpira ukapasuka.
Mara ya tatu kandambili yenyewe ilikuwa imekwisha;
akatazama miguu ya waliosimama.
Zeferino alirudi kwake peku.

"Tangu siku ile," ananiambia, "kila mpira ukichoka
nyumba moja hutoa kandambili.
Tuna zamu. Imeandikwa ukutani, nyuma ya kanisa."
Nikaenda, nikaona: majina ishirini na saba
kwa makaa, na mbele ya kila jina mchoro wa unyayo,
wa kulia, wa kushoto, wa kulia,
na mmoja mdogo sana, wa mtoto,
sikuuliza.
Fomu yangu haina safu ya nyayo.

Basi nikauliza nililotumwa.
Nélia, mpwa wake, ndiye mkalimani wangu;
ana miaka kumi na mitano na hana subira na watu wazima.
"Kwenu watu kama sisi huitwaje?"
Nikasema, kwa lugha ya mama yangu, walengwa.
"Maana yake?"
Nikajikuta naeleza kwa mikono:
mtu aliyeelekezewa kitu. Mshale. Bunduki.
Huruma, nikaongeza upesi.

Nélia akafasiri. Sijui alifasiri nini.
Eufrázia akacheka mpaka tambuu ikamtoka,
kisha hakucheka.
Akasogeza nywele. Sikio la kushoto lina pengo,
safi, kama tiketi iliyotobolewa.
"Mimi nimeshalengwa," akasema,
"mwaka ule wa moto, nikishuka mtoni na ndoo.
Walinikosa kidogo.
Na ninyi mmenikosa kidogo.
Andika."

Kalamu yangu ilikuwa na wino. Siwezi kusingizia wino.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa.
Hapa mwenyeji ameshapona kwa raba na panga,
sasa anasukuma mpini, kwi-kwi, kwi-kwi,
maji yanakuja kwa vipande, halafu kwa mkono mzima,
anasuuza kikombe mara mbili kwa ajili yangu,
ananimiminia kahawa nyeusi
aliyoichuma, aliyoikausha, aliyoitwanga,
kahawa ambayo kwetu mjini
ningeilipia bila kuuliza jina.

Nilikunywa. Mvua ilikatika.
Naye alikuwa akitazama buti zangu
kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu,
soli hasa, unene wake,
midomo ikihesabu kimyakimya
ni duara ngapi.

Nikaivuta miguu chini ya benchi.