Katikati ya Shina

Usikate kwa hasira, aliniambia Bi Subilaga
wa nyumba ya pili, hapa Isyonje,
aliponikuta Julai, ukungu bado umekalia viazi,
nimeshika mkasi wa kushonea wa mume wangu
kama mtu anayekwenda kudai deni.

Pareto ilikuwa imechoka.
Maua meupe yamegeuka vifungo vya kahawia,
mabua yamelaliana, yamelowa,
yananuka dawa na chai iliyolala.
Nilitaka kufyeka yote nipande kabichi.

Chuchumaa kwanza, akasema.
Akafunua mabua kwa mikono miwili
kama anayemtafuta mtoto chawa.
Chini kabisa, mahali jalidi haikufika,
majani machanga, madogo kama masikio ya panya.
Hayo usiyaguse. Juu yake acha kiganja kimoja,
kiganja chako, si cha mumeo.

Basi nikakata. Bua, na bua, na bua.
Mkasi ukalia.
Jioni akalia na Anyosisye:
wa kitambaa, mwanamke! Mkasi wa kitambaa!
Mikono ilikuwa inaniwasha ule uwasho
tunaoujua sisi tuliosomeshwa na pareto.

Maana mama mkwe, kama mama yangu,
aliipanda kwa ekari. Tulichuma vichwa,
tukaanika mikekani, tukapima, tukalipa ada.
Hakuna aliyesema ua. Tulisema kilo.
Mimi nimebakiza mstari mmoja chini ya dirisha,
mashina matano, kazi yake kutazamwa.
Wapita njia huuliza:
hii ya kutazamwa, inanunuliwa wapi?

Wiki tatu pale dirishani palikaa
kama kichwa kilichonyolewa msibani.
Sikupatazama. Nilifungua pazia la upande wa pili.

Halafu Novemba, mvua ya kwanza,
Bi Subilaga akaja na jembe begani.
Sasa tuipasue.
Nikadhani sikusikia vizuri.

Shina la kwanza lilitoka na udongo wake,
zito kama sufuria ya ugali wa harusi.
Akaligonga gotini, akalifungua kwa vidole, kama mkate.
Ndani, pale hasa mama mkwe alipochomeka mche,
palikuwa pakavu. Kuni. Vumbi.
Hata sisimizi hakuishi humo.
Uhai wote ulikuwa umehamia pembeni.

Ndivyo ilivyo, akasema, katikati huchoka.
Chukua za pembeni, zipe nafasi. Hiyo tupa.

Nilisimama na lile gogo mkononi
nikihesabu bila kutaka:
Lusajo, Chunya. Tusekile, Vwawa.
Ambokile, Makambako, kwenye mbao.
Nyumba ina vitanda vinne na watu wawili,
na mmoja wao amenuna kwa ajili ya mkasi.

Tulipata vipande kumi na tisa.
Kumi nikavirudisha chini ya dirisha,
hatua moja baina ya ndugu na ndugu.
Nane akaondoka navyo kwenye kanga.
Kimoja nikampelekea mama Gwamaka,
yule wa kesi ya mpaka;
akakipokea bila hata ndaga,
lakini asubuhi nilipochungulia
kilikuwa kimejengewa kivuli cha majani ya mgomba.

Lile kavu sikulitupa.
Lilikaa juu ya kichanja cha jikoni hadi Januari,
usiku baridi ilipotufukuza kitandani,
nikalisukuma katikati ya mafiga.
Liliungua taratibu, kwa moshi mchungu,
na nondo wote wakatoka nje.
Anyosisye akacheka, cheko la kwanza tangu Julai:
hata likifa linafukuza!
Akanisogezea kigoda.

Nje, gizani, mvua ikiwapiga mgongoni,
wale kumi wamesimama chini ya dirisha,
kila mmoja anadhani yeye ndiye katikati.