Mbona Si Sifuri

Kiatu cha kushoto kilipatikana Jumatatu
chini ya dirisha la maktaba, kimejaa theluji
kama kikombe kilichosahauliwa mezani.
Mlinzi alikileta bwenini akikining'iniza kwa kamba.
"Ni chako, Britta?" Nikasema ni changu.
Hakuuliza mguu ulirudije.

Hapa Duluth, mwezi wa pili,
ziwa huganda, meli za chuma zikalala bandarini,
na baridi haina utani na mtu.
Mguu ulirudi na soksi. Mimi sikumbuki.
Anayekumbuka ni Pa Nhia, mwenzangu wa chumba,
aliyekesha sakafuni na ndoo
akinigeuza ubavu kila nilipolala chali,
kisha saa mbili asubuhi akaenda kwenye mtihani wa takwimu.

Basi chuo kikanipeleka kwa mshauri.
Kiti cha kijani. Boksi la tishu
nililolisukuma mbali kwa kidole.
Nilikuwa nimejikaza kama anayesubiri sindano:
mahubiri yaje, yapite, nijiendee zangu.

Bi Thibodeaux alichora mstari tu.
Sifuri mwanzoni, kumi mwishoni.
"Kubadilika. Uko wapi?"
Nikaweka kidole kwenye tatu, kwa ukaidi;
tatu ni namba ya kumfukuza mtu kwa adabu.

Akaitazama tatu yangu kama aliyepewa zawadi.
"Mbona si sifuri?"

Nani huuliza hivyo?
Maswali mengine yote nilikuwa na majibu yake:
kwamba kila msichana anakunywa, kwamba ndio ujana,
kwamba bila kopo sijui mikono huwekwa wapi.
Hilo la mwisho nililisema. Akaliandika,
wala hakulipinga.
Lakini sifuri...

Bomba la joto likagonga ukutani.
Nikasikia sauti yangu ikisema: samaki.

Samaki gani?
Wa maabara, wenye milia, wembamba kama kope,
mia moja na ishirini, zamu yangu Jumamosi.
Niliamka saa kumi jioni.
Profesa hakunikaripia. Alinipa chujio,
niwaopoe mwenyewe.

Na Elsi, mdogo wangu, miaka kumi na miwili:
alinirekodia kipande cha piano alichojifunza,
nami usiku wa manane nikamjibu kwa sauti
maneno anayoyajua yeye na nisiyoyajua mimi.
Nimemwomba ayarudie. Amekataa.

Na mtihani ule, Pa Nhia alifeli.

Sikulia. Tishu zilibaki ndani ya boksi.
Ila ile tatu niliyoiweka kama komeo
ilikuwa inapitisha upepo.

Ijumaa nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda.
Nyumba ileile, muziki uleule, sakafu inanata.
Nilitia sarafu mfuko wa kulia;
kila kopo, moja ihamie kushoto.
Anayehesabu huanza kuona:
Margit ameshika kopo lilelile tangu saa tatu,
limeshapata joto la kiganja chake;
Thea anakunywa soda ya tangawizi na kuiita vodka.
Kumbe "kila mtu" nilikuwa mimi
na wavulana watatu wa timu ya magongo.

Nilipanga sarafu mbili. Zilihama nne.
Siongopi; hesabu ni hesabu.
Lakini ya tano niliibana vidoleni, ikanichoma kwa ubaridi,
nikaaga kabla sijajua ninamwaga nani.

Nilipita maktaba na viatu vyote viwili,
kamba zimefungwa, theluji inalia chini yake.
Chumbani Pa Nhia alikuwa macho, kitabu kifuani,
na ndoo kando ya kitanda changu, tayari.
Hatukusema kitu.
Niliichukua nikairudisha bafuni
ikiwa kavu.