Inashauriwa

Mama anauza barafu za ukwaju Kiembe Samaki,
mfuko wa nailoni, fundo moja, shilingi mia mbili,
nami bintiye nalipwa mshahara
kuizuia barafu isiingie ndani ya kidole.

Kidole, ndivyo nikiitavyo.
Kwenye daftari la karakana ni mrija wa mwendo:
chuma kitupu, hakizidi shubiri,
kimeelekea mbele chini ya pua ya ndege
kama kidole cha shahada ndani ya tahiyatu.
Kinakunywa upepo, kinashuhudia mwendo,
hakijui jengine.
Rubani humwamini shahidi huyu kuliko macho yake,
maana kule juu macho hayana mti wa kupimia.

Pandu Ussi, aliyenifunza kazi, akisema
adui wa mrija Unguja ni dondora:
uuache usiku mmoja bila kofia yake nyekundu,
asubuhi keshajenga, keshataga, keshahamia.
Barafu? akicheka. Barafu kamuulize mamako.

Mpaka Jumatano moja ya masika,
ndege ya mbali ikatua Kisauni kabla ya alfajiri,
abiria wakashuka wakipiga miayo,
na kitabuni rubani kaandika,
herufi zimelala kama zilizosukumwa:
*Ndani ya wingu mwendo umepotea, sekunde thelathini na tisa.
Mishale mitatu, majibu matatu.*
Basi. Hakuandika alisoma dua gani.

Thelathini na tisa.
Nilizihesabu kwa sauti, nimesimama chini ya pua.
Jaribu. Funga macho uhesabu,
na kila ukifika tano mtu akunong'oneze:
unakwenda mno. Hapana, unasimama.
Unaanguka. Hapana.

Nikafungua kabati la nyaraka.
Waraka ulikuwemo, na muhuri wa kupokelewa,
wa miaka miwili nyuma: mrija wa aina hii
hauhimili chembe za barafu, inashauriwa ubadilishwe.
Inashauriwa.
Mtoto wa chuoni anaijua hukumu yake:
sunna, ukiitenda thawabu, ukiiacha huna dhambi.
Kampuni ikaiacha, haina dhambi.
Mrija mmoja ni bei ya Vespa mbili na nusu,
na kila ndege ina mitatu.

Nikaandika ripoti. Mamlaka ikajibu: imepokelewa.
Nikaandika tena. Ikajibu: inashughulikiwa.

Siwalaumu wote. Bwana Mselem, mkaguzi,
alipanda ngazi mwenyewe, shati limemganda mgongoni,
akauliza maswali ya mtu asiyelala.
Mize, akanambia, neno moja hupita meza kumi na moja,
na kila meza ina mtu anayeuliza: wamekufa wangapi?
Hajafa mtu, nikasema.
Akaifuta miwani yake kwa muda mrefu.
Hilo ndilo linalotuchelewesha.

Miezi saba. Kisha faradhi ikashuka:
*ni lazima, ndani ya siku tisini.*
Kati ya neno na neno nilihesabu
safari mia mbili na kumi na nne
zilizopita juu ya bati la mama,
yeye chini akifunga mafundo.

Leo nimefunga wa tatu, wa mwisho.
Nikawasha umeme kuupima moto wake:
adhuhuri, lami inanata viatuni,
nami nahakikisha chuma kinaungua.
Nikasahau glavu. Kiganja kimeandikwa mstari.

Jioni mama hakuuliza kitu.
Katoa mfuko kwenye friji, kanibandika mkononi,
ukwaju juu ya moto.
Itayeyuka, nikamwambia, utapata hasara.
Akanyamaza.
Nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini, moja, mbili,
naye akahesabu nami,
na tulipofika thelathini na tisa
mfuko ulikuwa bado mgumu kama jiwe.