Shingo Hii Siigusi

Nilipanda kitanda chako, Mnali, kama gunia
linavyopanda mizani msimu wa mnada:
kwa kusukumwa, kwa kugeuzwa.
Kilo zangu hukuuliza.
Uliuliza maji nayabebaje.

Nikacheka. Kwani yanabebwaje?
Kichwani, tangu ndoo ilipokuwa debe,
kutoka bondeni hadi huku juu Newala,
safari fupi kwa maneno, mlima kwa pumzi.
Na korosho haiokotwi kwa macho.
Inama. Inuka nusu. Inama.
Ikifika Desemba naongea na watu
nikitazama vidole vyao vya miguu.

"Lala kifudifudi." Nikalala.
Dole gumba lako likashuka pingili kwa pingili
kama mtu anayehesabu ngazi gizani,
likasimama. "Hapa?"

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo ilipo
mikorosho arobaini na miwili, na deni la salfa,
na mtoto wa tatu niliyemzaa njiani nikitoka bondeni.
Hayo sikuyasema. Nilisema, "Hapo."

"Vuta pumzi. Itoe."
Ukanikunja, goti huku, bega kule,
ukasukuma mara moja tu —
kacha!
Mlio wa korosho chini ya nyundo ya mbanguaji.
Nikajua nimevunjika. Nikayangoja maumivu
kama mgeni aliyekwisha kutuma salamu.
Hakufika.
Kiunoni pakaingia joto, kama uji tumboni.

Ndipo nikakupa na shingo.
"Na hii nayo ilie, kama mwenziwe."
Ukaishika polepole, ukauliza habari za mkono:
ganzi ilianza lini? Vyombo vinakudondoka?
Vikombe viwili, wiki iliyopita.
Cha tatu mbele ya mkwe.
Mikono yako ikaniachia, mmoja, kisha wa pili.
"Mama Somoe, shingo hii siigusi.
Nenda Ndanda, wakaipige picha kwanza."

Nimeonana na waganga
waliojua kila kitu, hata jina la aliyeniroga.
Wewe ndiye wa kwanza kuniambia: mimi naishia hapa.
Pesa ya shingo ukanirudishia,
noti ya elfu tano, mgongo umepinda kuliko wangu.

Nje, Somoe amejitwika ndoo,
kata mpya ya kanga kichwani, shingo imesimama wima
kama yangu ilivyokuwa.
Tua, nikamwambia.
Tafuta mti wa kupitisha mpinini.
Tutaishika wawili, wewe huku, mimi huku,
na wanaotaka kucheka, barabara ni ndefu.