Magoti Yangu Yamo Kwenye Chati

Huku Shanghai nyekundu ni kupanda,
kijani ni kushuka.
Mgeni akiingia ukumbini kwetu Yangpu
hudhani tunafilisika siku tunapochekelea.

Viti vya plastiki, vitatu vimevunjika.
Wastaafu tuna vyetu, ingawa havina majina:
changu kile chini ya feni,
ubavuni mwa Mzee Gu Baokang
mwenye daftari la miraba na penseli mbili,
moja nyekundu, moja ya kijani.

Gu huchora mishumaa.
Kila siku mshumaa mmoja: kiwiliwili,
utambi juu, utambi chini.
"Hapa mahitaji yaliushinda ugavi," huniambia,
"na hapa ugavi umejificha, unanyemelea."
Huwataja kama majirani wawili anaowajua,
mmoja mlafi, mwingine mwizi.

Mimi nilikuwa mfumaji. Miaka ishirini na sita
katika kiwanda cha pamba, zamu ya usiku.
Kitambaa ninakisoma.
Nipe kipande, nitakuonyesha kwa ukucha:
hapa uzi wa mtande ulikatika,
hapa mshindio ulilegea, hapa mashine ilisimama.
Lakini nani alikuwa mashineni,
na mkono wake ulichelewa kwa nini,
kwamba Lanying alikuwa amepokea barua alfajiri ile,
hilo kitambaa hakisemi.
Pamba haina kinywa.

Basi sikiliza.
Jengo letu lina ghorofa sita na halina lifti.
Ninakaa ya sita.
Mwaka huu, baada ya miaka minne ya kugombana
(yule wa ghorofa ya chini amenuna mpaka leo),
tulikubaliana tujenge, kila mtu na mchango wake,
wa juu watoe zaidi.
Jumanne, saa nne na dakika arobaini,
niliuza hisa elfu moja za kiwanda cha baiskeli
kwa yuan tisa nukta thelathini na saba.
Nilikuwa nazo tangu mume wangu alipokuwa hai.

Mstari ukajikunja kidogo,
kama goti.

Gu akaruka kitini. "Umeona?
Ugavi huo! Wakubwa wanatua mzigo!"
Akachonga penseli ya kijani.
Wakubwa!
Mimi na kilo zangu arobaini na nane,
chai yangu kwenye chupa ya jemu.

Sikumwambia. Neno lilifika menoni nikalimeza:
mtu hapokonywi penseli mbele za watu.
Kabla ya saa tano akauza zake zote,
na wa nyuma yake, aliyekuwa akichungulia daftari, akauza,
na wa nyuma ya huyo,
na mstari ukashuka kwelikweli.
Gu akapata ushahidi wake.
Msomaji alikuwa ameanza kuandika.

Usiku najiuliza:
zile elfu zangu, nani alizinunua?
Maana kila niliyoiuza ina aliyeinunua, hisa kwa hisa;
ugavi wangu na haja yake,
upande wa ndani na wa nje wa kitambaa kilekile.
Labda kijana wa Lanzhou anayejiwekea mahari.
Labda kompyuta, isiyo na magoti.
Na wale waliotaka kwa tisa nukta thelathini na sita,
wakangoja, wakaghairi,
wakaenda zao kuchemsha tambi?
Kiu yao haikuchora hata nukta.

Ijumaa bei ilirudi, ikapita pale ilipokuwa.
Gu alinionyesha mshumaa mwekundu, mrefu, bado una unga wa penseli.
"Mahitaji yamerejea," alisema.
"Kwani yalikwenda wapi?"
Aliniangalia. Aliangalia daftari.
Akalamba ncha ya penseli, asiandike kitu.

Nyumbani wameshachimba shimo la lifti.
Limejaa maji ya mvua.
Nikapanda ngazi, nikipumzika ya tatu, nikipumzika ya tano.