Saa Kumi na Mbili Kamili

Hombolo, vitambuzi arobaini na kimoja
vimechomekwa chini ya mizabibu,
kila kimoja na betri isiyozidi kidole gumba,
kila kimoja na neno moja la kusema kwa siku:
udongo umekauka, au bado.

Mimi ndiye niliyeviamuru viamke saa kumi na mbili kamili.
Nikajiona fundi. Saa zao zilikwenda pamoja
kama askari wa gwaride,
na mnara ni mmoja tu, juu ya tangi la ushirika,
na njia ya kuufikia ni moja.

Asubuhi ya kwanza nikafungua kompyuta.
Majina mawili, yote ya safu ya mbele,
maana aliye karibu hata akinong'ona husikika,
na haya hayakunong'ona.
Mengine yaligongana hewani,
sentensi juu ya sentensi, yakawa uji.

Hakuna kilichokosea. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Kila kimoja kilisema kweli,
kwa sauti yake yote, wakati uleule.

Mama Sechelela Chidumule, mwenye safu ya mwisho
kule kwenye magadi, hakuniuliza habari za mawimbi.
Alibonyeza udongo kwa kisigino.
"Mtambo wako unasemaje?"
Hausemi, nikamjibu.
"Basi nasema mimi." Akafungulia maji.

Siku tatu nikapiga magoti safu kwa safu,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Vya jirani na mnara nikavipunguzia sauti.
Kisha vyote nikavipa kete:
kabla ya kusema, rusha, ngoja kwa hesabu uliyopata;
usiposikia "nimepata", rusha tena,
na safari hii kete iwe na pande nyingi zaidi.
Nilichokitoa shambani ni unadhifu wangu.

Jumanne majina yakaanza kudondoka
kama matone ya kwanza ya Desemba juu ya bati:
moja, kimya, mawili kwa mkupuo, kimya kirefu.
Kufikia na dakika tisa, arobaini.

Kimoja hakipo. Nikanywa chai. Ikapoa.

Na dakika kumi na saba, kutoka kwenye magadi:
jaribio la sita. Umekauka.

Nikainua macho. Mama Sechelela
alikuwa tayari kwenye maji, gauni amelikunja magotini.
Mnara, usiojua hayo, ukajibu:
nimepata.